Jina la Saba

Ukuta ulijengwa kwa siku tisa. Twahiru alikuwa ameungoja miaka sitini, bila kujua kwamba anachongoja ni ukuta.

Jumanne hiyo asubuhi alikuwa anateremka kununua bati kuukuu, maana kazi yake ni kutengeneza mbabula, majiko ya makaa yale yanayopikia nusu ya Kamembe. Alipofika kwenye uwanja wa mpira akamkuta mchoraji juu ya ngazi, anamalizia herufi nyeusi juu ya chokaa mbichi. MABINGWA WA RUANDA 1937. Chini yake majina kumi na moja. Twahiru hakusoma la kwanza wala la pili. Macho yalikwenda moja kwa moja kwenye la saba, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino bovu.

7. CASSIEN NTABAZA.

"Ni wongo," alisema.

Mchoraji aligeuka, burashi inadondosha rangi. "Mzee, kuko herufi nimekosea?"

"Herufi iko sawa. Muntu njo haiko ule."

"Miye napaka tu, Mzee. Kama unataka muntu, uliza komite."

Komite! Twahiru alizijua komite tangu hazijawa na viti. Shule alipata miaka minne. Iliyobaki alijisomea mwenyewe kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Kwa elimu hiyo ya sukari ameandika barua za maji, barua za makaburi ya Waislamu, barua za njia ya mtaa inayogeuka mto kila Aprili. Amewaandikia wakubwa waliokwisha kufa na wakubwa waliokwisha kukimbia. Majibu aliyopata yanaenea kwenye kiganja cha mtoto. Lakini barua ya jina hili hakuwahi kuandika, kwa sababu hapakuwa na wa kumwandikia. Sasa yupo.

Hadithi yenyewe aliisikia mara moja tu, akiwa na miaka kumi na saba, kinywani mwa baba yake, Nasiri bin Latifu, wakiwa wamekaa wanakunja bati.

Mwaka 1937, alisema Nasiri, palichezwa ubingwa wa nchi nzima, misheni kwa misheni, kuanzia Juni kahawa inapoanikwa hadi Novemba mvua inaponyesha. Sharti lilikuwa fupi: acheze aliyebatizwa. Waislamu wa mtaa wa Waswahili hawakuhesabiwa. Walifaa kuuza chumvi na vitambaa, walifaa kushona kaptula za mabwana na kutafsiri amri za mabwana. Kwa mpira hapana. Kwa shule hapana. Na leo atatokea mtu na tai shingoni akuambie kwamba ilikuwa desturi ya wakati ule. Desturi haina mkono. Aliyeandika sharti lile alikuwa na mkono, na kalamu, na chakula cha mchana kilikuwa kinamngoja.

Nasiri alikuwa na miaka ishirini na mguu wa kushoto ambao watu walikuwa wanateremka ziwani kuutazama. Rafiki yake alikuwa Cassien Ntabaza, Mkatoliki wa kilimani, aliyekuwa anakuja dukani kwa mzee Latifu kununua chumvi na kuondoka jioni bila chumvi, kwa sababu ya mpira. Cassien ndiye aliyekuwa anacheza pembeni katika timu ya misheni yao. Mwezi wa Mei akapelekwa kazi ya lazima ya barabara, jiwe likaporomoka, likamponda kifundo cha mguu. Wiki mbili kabla ya mechi ya kwanza akaletwa dukani amebebwa mgongoni, ameshika kadi yake ya ubatizo.

"Jina langu linajua njia," alimwambia Nasiri. "Miguu yangu ndiyo haijui tena. Weka yako."

Mwalimu wa timu alijua. Alitazama pembeni, akaona ndege.

Basi kuanzia Juni mpaka Novemba Nasiri akawa Cassien. Walivuka ziwa kwa mitumbwi kwenda kuwapiga wa upande wa Kibuye tatu kwa moja. Huko Gisenyi walicheza peku juu ya mawe ya volkano, wakatoka sare, na Nasiri akarudi hana kucha mbili. Waliporudiana nyumbani alifunga goli na vidole vimefungwa kitambaa. Agosti walifungwa mara moja, na watu wa kilimani wakalia kama wamefiwa. Septemba na Oktoba hawakufungwa tena. Fainali ilikuwa Astrida. Walitembea siku nne kupita msitu wa Nyungwe, viazi kichwani, mvua shingoni.

Na Ramadhani ilikuwa imeingia, siku kumi. Msafiri ana ruhusa ya kula, lakini Nasiri alifunga hata hivyo. Viazi vyake vya mchana alikuwa anampa golikipa, aliyemwona mtakatifu. Jumapili ya mechi timu nzima ikaongozwa misa ya asubuhi, na wakati wa komunyo wakapanga mstari. Nasiri alijiweka wa mwisho, akitaka kuteleza nje kwenye mlango wa pembeni. Lakini mbele palikuwa na padri mgeni aliyeambiwa kwamba wachezaji ni kumi na mmoja, na padri alikuwa anahesabu. Kumi. Akainua macho, akangoja.

Nasiri alifungua kinywa.

Mchana alifunga magoli mawili. Uwanja mzima uliimba jina la Cassien.

Aliporudi nyumbani alifunga siku sitini mfululizo baada ya Ramadhani, kafara ya mkate ule wa misa, amekauka kama mti wa kuni, na mtaa wote ukasema kijana wa Latifu amerogwa huko msituni. Hakuuliza shehe. Angeuliza, angeanzia wapi? Na medali ya shaba aliyovikwa, aliibeba yeye mwenyewe hadi kilimani, pamoja na kadi ya ubatizo, akavirudisha vyote kwa mwenyewe. Amana ni amana. Mwizi angebaki na medali, na leo mwanawe angekuwa na cha kuonyesha. Ni mwaminifu tu anayejifuta namna hii, hadi asionekane hata alipokanyaga.

"Usimwambie muntu," Nasiri alimwambia Twahiru siku ile ya bati, "mpaka siku muntu atauliza mwenyewe."

Nasiri alikufa mwaka 1981. Hakuna aliyeuliza.

*

Mkuu wa komite alikuwa Védaste, mwalimu mstaafu, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye mikono. Alimsikiliza Twahiru hadi mwisho, na hilo lilimshangaza Twahiru kuliko kama angefukuzwa.

"Mzee Twahiru, miye siko na neno na papa yako. Lakini jina ilitoka ku foto ya misheni, na foto haina kinywa. Nipe muntu wa familia ya Ntabaza. Aseme mwenyewe, aweke kidole ku karatasi. Bila ile, weye uko mutoto anasifu papa yake, na batoto bote banasifu papa yao."

"Na kama analeta kidole?"

"Akileta kidole, tutaangalia. Lakini fanya mbio. Jumapili njo tunafungua ukuta, tunaita majina, kila familia inasimama."

Wa familia ya Ntabaza alikuwa amebaki mmoja: Mugwaneza, binti wa Cassien, anayekaa Mibirizi. Alhamisi Twahiru alipanda moto, pikipiki ya abiria, ya Dusabimana, jirani yake, mtu asiyeweza kuendesha bila kuongea.

"Mzee, leo unaenda kuposa?"

"Endesha."

"Nauliza tu. Hii shati sikuiona tangu Idi. Na umepaka mafuta mpaka ku masikio."

Walimkuta Mugwaneza mlangoni anapukuchua maharage. Alikuwa na miaka themanini, mdogo, amenyooka kama sindano.

"Karibu, Papa. Kaa upande huu, ile sikio ingine ilikufa zamani."

Twahiru alijitambulisha, mwana wa Nasiri wa Kamembe, na mama akashika mdomo. "Nasiri ya chumvi? Alikuja ku maziko ya maman yangu. Alisimama inje ya kanisa na mvua yote." Akaenda kuleta kiti kizuri.

Twahiru alikuwa amejiandaa kwa vita. Njia nzima alikuwa ananoa maneno. Sasa alikuwa amekalia kiti kizuri, ameshika kikombe cha maziwa, na maneno yote yenye makali yalikuwa yanamchoma yeye. Akauliza lile jepesi.

"Maman, weye uliona Papa Cassien anakimbia, hata siku moja?"

Mugwaneza alicheka hadi maharage yakamwagika. "Papa? Na ile mguu? Mbuzi alikuwa anamushinda. Mbuzi ya mimba!" Akaanza kuokota maharage, moja moja, kutoka chini.

"Nilijua," alisema bila kuinua kichwa. "Mutoto anajua mguu ya papa yake. Kila Noeli alikuwa anatupatia hadithi ya ile magoli mbili, na maman anamuuliza, 'Ulipiga na mguu gani?' Papa anajibu, 'Na ile ya rafiki.' Banacheka, babili yao. Siye batoto hatukujua banacheka nini. Nilipokuwa mukubwa nikajua."

Twahiru akatoa karatasi. Alikuwa ameiandika vizuri, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na kibweta cha wino alikuwa nacho mfukoni.

Mugwaneza aliitazama karatasi kama mtu anavyotazama mbwa asiyemjua.

"Jina ya papa yangu iko fasi mbili, Papa Twahiru. Iko ku jiwe ya ukumbusho ya jenoside, pale chini, pamoja na bwana yangu na batoto yangu bane. Pale bamemuandika juu ya vile balimuua. Ku ukuta yenu, bamemuandika juu ya vile alishinda." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Kama inatoka kwenu, inabakia tu ile ya kuuawa."

Hapo ndipo mtu mwingine angekunja karatasi. Twahiru mwenyewe angekuja kujiambia hivyo, akipiga bati, akila, akitawadha. Lakini miaka sitini ilikuwa inamsukuma.

"Miye nami niko na papa," alisema. "Na yake haiko fasi hata moja."

Mugwaneza alimtazama sana. Maziwa kikombeni yakaweka utando.

"Hapo umesema kweli," alisema mwishowe. "Lete wino. Miye nilibatizwa ya kweli, siwezi kusema wongo na kidole yangu. Lakini baite yote mbili. Ya papa yako juu ya miguu, ya papa yangu juu ya kutoa jina. Unanihakikishia?"

"Nakuhakikishia, Maman."

"Utanijulisha?"

"Nitakuja mwenyewe."

Akaweka kidole gumba. Akakikandamiza kwa nguvu, kama anazima mshumaa.

*

Védaste alisoma karatasi mara mbili, akavua miwani.

"Mzee, umenifunga kamba."

"Nimekufungua. Andika yote mbili. Nasiri alicheza, Cassien alitoa jina."

"Ukuta haina fasi ya kueleza! Ukuta ni majina. Naandika Nasiri, batu ya ekipe zingine batasema: kumbe ubingwa ulichukuliwa na jina ya kuiba."

"Haikuibwa. Ilitolewa!"

"Eee, nenda ukaeleze ile ku redio, Jumapili, na wakubwa bamekaa. Naacha Cassien? Sasa niko na karatasi, na kidole ya mutoto yake mwenyewe, inasema hakucheza. Haya, nifanye nini?" Na Védaste hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo linalouma, alikuwa mtu wa kutaka mambo yakae sawa. Watu wabaya unaweza kuwapigia kelele. "Ya saba, tunaipita," alisema.

Twahiru hakuelewa. Alielewa alasiri, alipopita uwanjani. Mchoraji alikuwa ameteremka tayari. Baada ya sita palikuwa na chokaa nyeupe, mbichi, inang'aa kuliko ukuta wote, kisha nane. Hata namba ilikuwa imefutwa.

Alirudi ofisini anakimbia, mtu wa miaka sabini na saba, kofia mkononi. Komite yote ilikuwepo, na akina mama wa mapambo, na vijana wa vipaza sauti.

"Nilidanganya!" alisema kabla ya salamu. "Mwalimu, nilidanganya. Papa yangu hakucheza mpira. Alikuwa fundi ya bati, mpira hakuijua. Rudisha Cassien."

Watu waliacha kazi.

"Na kidole ya Maman Mugwaneza?" Védaste aliuliza taratibu.

"Ni miye nilimuchanganya, muzee ya watu. Wallahi, Nasiri hakufika Astrida. Hakuvuka hata Nyungwe. Rudisha ile jina."

Alisema hayo mbele ya watu zaidi ya ishirini. Baba ambaye alingoja miaka sitini kumtaja, alipomtaja hadharani alimtaja ili amkane. Na hakununua chochote kwa hilo. Védaste alimshika bega.

"Mzee, asubuhi umesema ndiyo, sasa unasema hapana. Njo sababu tumeipita. Nenda upumzike."

Ilikuwa Ijumaa. Alikuwa ameahidi kwenda Mibirizi mwenyewe. Jumamosi alitoka mara mbili hadi kituo cha moto na mara mbili akarudi, Dusabimana akamuuliza, "Mzee, mchumba alikukatala?" Mwanaume aliyewaandikia mawaziri hakuweza kumwambia bibi mmoja maneno matatu. Alijidanganya: hatakuja. Ni mzee, kunateleza, atakaa nyumbani.

*

Jumapili alikuja. Alikuja na moto, amekaa upande, amevaa mushanana ya rangi ya maziwa, ile nguo ya sherehe inayofungwa begani, imekunjwa muda mrefu hadi mistari ya mikunjo ilikuwa inaonekana. Vijana wa mapokezi waliona bibi amevaa vizuri, wakamweka mstari wa mbele pamoja na familia. Nani amuulize bibi ametoka familia gani?

Twahiru alikuwa amesimama nyuma, karibu na nguzo ya goli. Alimwona anarekebisha nguo begani. Anaweka mikono juu ya magoti. Anageuza kichwa kidogo, kupeleka mbele sikio lililo hai.

Kijana wa kipaza sauti akaanza. La kwanza: familia ikasimama, makofi, soda, chini. La pili. La tatu, watu kumi na wawili na mtoto mgongoni. Mugwaneza anapiga makofi kwa kila mmoja. La tano. La sita, na hapo akauvuta upindo wa mushanana, akashika kiti, akaweka miguu sawasawa kama mtu anayetaka kusimama vizuri mara moja.

"La nane!"

Twahiru alipiga kelele. "Saba! Munaruka saba!" Lakini muziki wa makofi ulikuwa umeshafunguliwa, na walio karibu naye wakacheka, wakadhani mzee anatania refa. Kijana wa usalama akamwambia, kwa heshima kabisa, "Mzee, tulia basi." Akapaza sauti tena. Haikufika hata katikati ya uwanja.

La tisa, la kumi, la kumi na moja. Mugwaneza alikuwa bado ameshika kiti. Wageni walipoanza kutawanyika ndipo mikono yake ikalegea. Alikaa hivyo, peke yake kwenye mstari, uso umetulia, unauliza.

Twahiru alifika mbele yake.

"Papa Twahiru! Njo weye?" Akamvuta aketi upande wa sikio zuri. "Hii mashini yao inapiga kelele, kichwa yangu ilijaa. Sikusikia bizuri. Baliita?"

Maisha yake yote Twahiru hakuwahi kulainisha neno kwa ajili ya mtu. Kwa hilo alipoteza kazi mbili na shemeji mmoja.

"Baliita, Maman."

"Lipi?"

"Yote mbili."

Mugwaneza alifumba macho. Machozi yalitoka bila uso kubadilika, yakafuata mikunjo. "Na nani alisimama?"

"Miye nilisimama. Juu yao babili."

"Aksanti," alisema. "Aksanti, mwana wa Nasiri. Sijui kusoma, hata nikienda pale ku ukuta itakuwa bure, na miguu imechoka. Nipeleke ku moto."

Alimpeleka. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Dusabimana alikuwa barabarani, ameegemea moto yake; alikuwa ameangalia sherehe yote akiwa juu ya ukingo, na masikio yake hayakuwa na kasoro.

"Baliita yote mbili," Mugwaneza alimwambia, akipanda. "Ya Papa na ya rafiki yake. Umesikia, mwanangu?"

Dusabimana, mtu asiyekosa neno, alimtazama Twahiru. Twahiru alitazama lami.

"Nimesikia, Maman," alisema Dusabimana. "Shika bizuri."

Moto ikapanda mlima. Huko Mibirizi kuna shule, na shule ina watoto, na watoto wanateremka Kamembe siku za soko, na wanasoma kila kitu kilichoandikwa, mabango, magari, kuta. Leo jioni bibi atawaambia majirani. Kesho atamwambia anayemletea maji. Halafu atapatikana mmoja, mwenye macho mazuri na moyo safi, atasimama uwanjani, atahesabu kwa kidole, na atapanda kilima kwenda kumwambia.

Twahiru alikaa pale ukingoni mwa barabara mpaka sauti ya moto ikapotea kwenye kona, kisha akaendelea kukaa.